Mizani ya Singano

Nilifundisha mizani miaka thelathini na mmoja,
nane kwa nane, nikigonga meza kwa kifutio
hadi silabi iliyozidi ijitoe yenyewe kwa aibu.
Leo nimesimama Ngamiani, Barabara ya Nane,
dukani kwa Singano, na kuchagua mtungi kumenishinda.

Upo wa buluu, upo wa chungwa,
upo wa kijani uliokwaruzwa ubavu.
Wa kilo sita, mfupi, kama mtoto wa chekechea aliyenuna;
wa thelathini na nane kajikita mlangoni
kama mkwe aliyekuja kudai salio la mahari.

Mwanatumu kaniambia: rudi na chochote, usirudi na mkaa.
Kifua chake kimeshiba moshi,
na gunia siku hizi juu mkaa, chini vumbi na mawe.
Jiko jipya la kuchomea limefika tangu Jumanne,
limekaa barazani limefunikwa khanga,
na ngisi wako kwenye ndimu tangu adhuhuri.

"Midomo mingapi, Mwalimu?"
"Mitatu."
"Basi huyu mdogo atakufia mikononi
wateja wameshika sahani. Chukua kumi na tano."
Nikanuna kidogo. Muuza duka gani husifu kidogo?

Hapo simu ikalia: shemeji Kihiyo, Lushoto.
Ana nyumba ya wageni kule,
amenunua mwavuli wa chuma unaotema joto,
wazungu wanauzunguka jioni mikono mbele.
Ila tangu Julai iingie, moto umekuwa mvivu,
unanong'ona tu, na mtungi bado mzito.

Singano akaomba simu.
"Humo ndani zimo mbili, buteni na propeni.
Buteni ni mtu wa pwani:
ikiona baridi hujikunja chini, haitoki.
Propeni haina habari na baridi.
Uliza mchanganyiko, shemeji. Acha kuuliza rangi."
Nikaipenda buteni papo hapo.
Mimi pia, nikienda Lushoto, naoga kwa miadi.

Kisha nikasema: tupime.
Akanitazama. Watu hawapimi, alisema, wananyanyua tu.
Nikasema: mimi napima.

Shingoni umepigwa chapa uzito mtupu: kumi na sita na nne.
Jumlisha kumi na tano.
Mizani ikatetemeka, ikatulia: thelathini na moja nukta.
Nukta moja, si nne.
Gramu mia tatu hazipo.

Hatukusema kitu.
Mshororo ulipungua silabi,
na aliyeuandika amesimama mbele yangu anajikuna shingo.
"Wameniletea hivyo kutoka juu," akasema,
akaenda nyuma, akaburuta mwingine, wa kijani, mbaya wa sura.
Kumi na sita kamili. Thelathini na moja kamili.

Njiani, nyuma ya bodaboda, nikiukumbatia kama mgonjwa,
nikatunga:
*Mtungi si rangi yake, mtungi ni uzitowe.*
Nikahesabu kwa vidole juu ya chuma. Nane, nane.

Nyumbani tukapaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira.
Kipovu kimoja kikachungulia, kikakua.
Mwanatumu akakaza nati kwa kitambaa, akapaka tena.
Safari hii povu likalala.
Akawasha. Buluu, bila sauti,
na yeye akabaki ameinamisha uso pembeni
kukwepa moshi usiokuwapo.

Mteja wa kwanza, Chambuso fundi saa,
akatafuna, akatafuna, akasema:
"Ngisi laini. Lakini moshi wake mmeupeleka wapi?"

Mwanatumu hakujibu.
Aliokota kifuu, akakivunja,
akakitia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa, akaliweka pembeni mwa moto.
Uzi mmoja wa moshi ukapanda, ukamfuata Chambuso.
"Huo wako," akasema, "uvute mwenyewe."

Nusu gunia la mkaa lingalipo uani, nyuma ya pipa.
Nimeliona. Naye ameniona nikiliona.