Themostati Katika Sufuria ya Viazi

Mwaka ule lami ya Bukwo ilikuwa bado ahadi ya kampeni.
Tulitoka Kapchorwa alfajiri, mimi na Arapta,
na sanduku la chanjo limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
barafu ikigongana ndani kila tulipopiga shimo.

Baada ya Kongta udongo ukabadili tabia.
Gurudumu la kushoto likazunguka peke yake, likitema matope;
la kulia limesimama, limekunja mikono.
Ndivyo difu ilivyoumbwa: nguvu humpa
yule asiyebeba kitu.
Nimewahi kufanya kazi ofisi ya namna hiyo.

Arapta akashuka, akazama hadi magotini,
akafunga habu za mbele kwa vidole na matusi.
Nikageuza swichi ya loki. Taa ikapepesa,
ikapepesa, haikutulia.
"Imekufa," akasema.
Haijafa. Meno hayapatani gari likiwa limesimama,
yanataka lisogee, hata shubiri.
Nikaachia klachi pole, kama mtu anayetoa mkono
chini ya kichwa cha mtoto aliyelala.
Klak.
Magurudumu yote yakashika neno moja,
usukani ukawa mzito, ukakataa kona,
na gari likapanda kama ng'ombe aliyenusa magadi.

Juu, penye mawe, nikafungua loki upesi.
Kilichokutoa topeni
hukuvunjia ekseli penye jabali.

Ndipo nikaiona sindano.

Imepita katikati, inausogelea wekundu.
Nikawasha hita, tukatokwa jasho na madirisha wazi;
ikashuka unywele mmoja, ikapanda tena.
Nikasimama uani kwa Yapkwobei, aliyekuwa akichemsha viazi.

Arapta akaliangalia sanduku. "Barafu si tunayo?"
Mwaga baridi juu ya chuma kilichowaka
uone silinda hedi inavyopasuka.
Tena ile barafu ina wenyewe,
hata kutembea hawajaanza.

Tukangoja. Kungoja nako ni spana.

Rejeta ilikuwa imekandikwa kama ukuta;
tukaichokoa kwa kijiti, tukaisuuza kutokea upande wa feni.
Mkanda umekaza. Oili nyeusi, nyeusi ya haki,
haina rangi ya chai ya maziwa, basi gasketi nzima.
Kifuniko kwa tambara, nusu mzunguko: hakuna povu.
Nikawasha. Sindano ikapanda vilevile, bila aibu.

Nikashika bomba la juu, nikarusha mkono.
Nikashika la chini:
baridi kama pua ya mbwa.

Kumbe maji yanachemka chumbani
na bawabu amelala na ufunguo.

Nilipoitoa ile themostati, ndogo kama kizibo cha chupa,
Yapkwobei akauliza, "Hicho nacho kinaliwa?"
Nikamwomba sufuria. Akanitazama, akafunua.
Maji yakatokota, viazi vikacheza,
kile kidude kikazama kati yao
mdomo umefumba, umefumba kabisa,
kama shahidi wa kesi ya ardhi.

Nikarudisha nyumba yake tupu,
gasketi nimekata kwa wembe kutoka boksi la sabuni,
nikajaza maji ya kijito, kidogo kidogo, injini ikinguruma.
Yapkwobei hakumwaga supu yake. Tulivila vile viazi,
vina kutu kwa mbali,
tukaongeza chumvi.

Hadi Bukwo sindano ilikaa chini,
injini ikatetemeka kwa ubaridi wa mlima
kama mtu aliyenyang'anywa blanketi. Na iwe hivyo.

Muuguzi akaingiza mkono sandukuni, akautoa upesi,
akaupuliza.
Mimi nami nilikuwa napuliza wangu.
Akaandika kwenye daftari: nyuzi tano, saa nane na robo.
Sababu ya kuchelewa, akaacha wazi.

Arapta alikwisha lala juu ya boneti,
mahali pekee palipokuwa na joto kidogo.