Kifaa cha Ulinzi, Kimoja

Afande anaandika kwa kalamu ya kuazima.
"Kilichoharibiwa?"
Mbwa.
"Mbwa haharibiki, Bi. Sikudhani. Mbwa hufa au hupona.
Nitajie mali."

Nataja: mota ya pampu, moja, imepatikana mtaroni.
Kufuli, limekatwa.
Tochi ya Chande, kioo kimepasuka.
Na mbwa.
"Una risiti yake?"
Jina lake ndilo Risiti, afande.
Akacheka mpaka kiti kikalia.
Nami nikacheka kidogo, kwa adabu,
damu ingali imekauka chini ya kucha zangu.

Tulimwokota nyuma ya machinjio ya Vingunguti,
kijibwa cha rangi ya chai iliyopunjwa maziwa,
kimekalia karatasi ya hesabu za muuza utumbo.
Pazi akasema, huyu ana karatasi zake kamili.
Jina likaganda.

Lindo letu la mtaa ni watu saba. Mshahara hatuna.
Tuna filimbi, virungu, koti moja linalong'aa
tunaloazimana kwa zamu,
na buku moja kwa mwezi kutoka kila nyumba,
nyumba inayotaka kutoa.
Risiti hakuomba hata hiyo buku.
Saa nne usiku alifika getini kwangu
kabla ya kivuli changu.

Nisidanganye: sikumpenda.
Nimelelewa na Bi. Mwanvua,
aliyeosha bakuli mara saba, moja kwa udongo,
mbwa akipita tu upande wa upepo.
Nilimtupia vichwa vya dagaa kwa mbali
kama mtu anayelipa deni kwa asiyemsalimia.

Usiku ule walikuja kuing'oa mota ya kisima cha msikiti.
Watatu, mapanga mawili.
Chande alipuliza filimbi, filimbi ikatema mate tu.
Risiti hakubweka.
Alishika suruali ya mmoja, akaing'ang'ania
kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni,
na panga likashuka mara mbili kabla hajaiachia.

Nikavua kanga ya juu, nikaipasua, nikamfunga.
Maandishi yakakatika pale mguuni:
SINA MAKUU.
Nikambeba kifuani, pua yake shingoni mwangu.
Baadaye nilijiosha mara saba.
Mara ya nne nilipoteza hesabu.

Alfajiri watu walitia udhu kwa maji yale yale.
Hakuna aliyesema neno.
Shehe Mwinshehe peke yake alinifuata uchochoroni
na elfu kumi iliyokunjwa mpaka ikawa kama hirizi.
"Ya nyuzi," akasema, akitazama ukuta.

Afande ananieleza kwa upole:
mbwa wa jeshi ana namba, ana banda, ana daktari,
akiumizwa kuna mtu wa kuulizwa.
"Huyu wenu ni wa kujitolea."
Kana kwamba panga liliuliza kwanza
nani kaajiriwa.

Sitaki fidia ya ng'ombe. Sanamu mtajengeana wenyewe.
Nataka mstari mmoja kwenye sheria,
hata ukiwa chini kabisa ya ukurasa,
pale vidole vya wakili vinapofunika,
useme: aliyemkata, amemkata mlinzi.
Maana leo usiku tutamwomba tena
na hatujui tumwahidi nini.

Afande akatafuta neno. Kalamu ikasita, ikavuja wino.
Akaandika:
Kifaa cha ulinzi, kimoja. Kimejeruhiwa.
Akatazama alichoandika.
Feni ikazunguka. Mtu akakohoa mahabusu.
Akakata lile "ki" la mwisho, akaweka "a" juu yake:
Kifaa cha ulinzi, kimoja. Amejeruhiwa.

Sarufi mbovu.
Nikaweka sahihi.

Kesi imepangwa tarehe kumi na nne.
Risiti hajui tarehe.
Anajua saa nne.
Nasikia kucha zake kwenye sementi,
tatu, kimya, tatu, kimya,
natafuta ufunguo,
naye anangoja nje kama aliyechelewa
na anataka kuomba radhi.