Kanda Nambari Moja

Kijana amenipigia kutoka jengo la vioo, Khuwair.
Kiswahili chake cha kurithi, kimemkaa kama koti la babu.
"Mama Zuwena, stesheni inatimiza miaka ishirini na mitano,
tunapiga filamu ya historia.
Tunaitafuta kanda ya usiku wa kwanza.
Wanasema zote zilipita mikononi mwako."

Zilipita.
Nimemwambia ngoja nifikiri.

Najua filamu yenyewe itakavyokuwa:
mwenye mali atakaa mbele ya maua
aseme aliota ndoto.
Ndoto? Alikuwa na ghala la vipuri Wadi Kabir
lililokosa mpangaji,
na shemeji aliyenunua dishi kubwa kuliko paa lake.
Waligombana wiki nzima,
ugomvi ukazaa televisheni ya michezo.

Tulikuwa watu saba na choo kimoja.
Kuriakose, fundi kutoka Kerala, akilala chini ya mitambo,
maana kiyoyozi kilinunuliwa kwa ajili ya mashine,
sisi tulidowea.
Babikir wa Omdurman, sauti kama samli inayoyeyuka,
mpira hakuucheza hata siku moja, goti bovu tangu utotoni.
Dad Rahim, Mbulushi, dereva.
Na mimi, mtoto wa Ng'ambo, Kiarabu changu bado kikinikwama kooni,
nikapewa rafu za kanda
kwa kuwa naandika vizuri na sisemi sana.

Usiku huo mechi ilikuwa Sohar.
Babikir hakuwa Sohar. Pesa ya hoteli haikuwepo.
Alikaa ghalani akitangaza anachokiona kwenye kioo,
anajipangusa jasho huku anausifu upepo wa uwanjani.

Dakika ya thelathini na moja, mtu kaegesha pikapu juu ya waya.
Kioo kikawa cheusi.
Picha pekee tuliyokuwa nayo ni kalenda ya matairi;
tukaielekezea kamera.
Waliolipia king'amuzi wakatazama tairi dakika arobaini,
na Babikir hakunyamaza:
Dad Rahim kule uwanjani akimwambia Kuriakose kwa simu,
Kuriakose akiandika kwenye kipande cha boksi,
Babikir akisoma, akitia chumvi.

Kisha: goli!
Magahawani watu wakapanda juu ya meza.
Waya ulipopona, ubao ulisoma bila kwa bila.
Refa alikuwa kalikataa.
Dad Rahim hakulikataa. Timu ilikuwa ya kwao.

Simu za matusi mpaka usiku wa manane.
Mwenye mali akasema: asubuhi niletewe kanda,
nimjue aliyesema goli.

Kabla hakujapambazuka nikaichukua nambari moja
nikarekodi juu yake mbio za ngamia za Barka, tangu mwanzo.
Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Asubuhi nikasema nimekosea.
Nikakatwa riyali thelathini.
Kuriakose, aliyejua kila kitufe na sababu ya kubonyezwa,
akainama kufunga kamba za viatu.
Alikuwa kavaa ndara.

Dad Rahim hakunishukuru.
Ila kila alfajiri, akipita na gari mlangoni petu,
honi mbili. Miaka sita.
Halafu asubuhi moja, hakuna.

Kanda ninayo.
Imo kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni.
Ngamia wanakimbia, wanakimbia, wanamalizika,
na kwa kuwa mbio zilikuwa fupi kuliko mechi
zimebaki mkiani sekunde kumi na moja za usiku ule:
uwanja mtupu, taa zinazimwa moja moja,
na Babikir, asiyejua maikrofoni iko wazi,
anauliza kwa Kiarabu cha kwao,
"Zuwena, chai imebaki?"

Nimempigia kijana.
Nimemwambia aje na mashine ya kuichezesha,
yangu ilikufa zamani.
Maua asilete.