Mafiga ya Boma

Koko M'Nabushi hakuhesabu kwa miaka.
Alisema: lile boma la wazungu
liliishi misimu miwili ya maharage,
na wa pili halikuuona ukivunwa.

Walikuwa wanane, na askari kumi na watatu,
na mzinga mmoja ulioelekezwa mashariki,
ng'ambo ya mpaka uliochorwa kwa kalamu,
ambako wazungu wengine, na mzinga wao,
walikuwa wakiwatazama vilevile.

Mawe tuliyabeba sisi. Jiwe la volkano
hukwaruza bega hata kupitia gunia.
Chokaa haikufika. Wakaziba kwa udongo,
wakapandisha bendera, wakangoja vita.

Vita havikuja.
Wanawake wa Bulengo ndio walioacha kuja.
Asubuhi moja hakuna maharage langoni,
hakuna kuni, hakuna mtungi wa maji;
njia nyeupe kwa ukungu, basi.
Hakuna aliyerusha hata kijiti.

Siku ya ishirini waliteremka ziwani
wamebeba mgonjwa wao juu ya godoro
na kuku mmoja. Koko hakumsahau yule kuku.

Kisha mawe nayo yakaondoka, moja moja, usiku,
kama mbuzi wanaojua kwao.

Mahali penyewe sipajui. Mlima umekwisha
kupamwagia moto, nasi tumejenga juu yake.
Ila mafiga yangu ni matatu, na moja lina herufi,
R au B, masizi yameifunika.
Likipata moto sana hulia: tk, tk.
Naigeuza sombe.
Jirani anauliza kama nina chumvi.