Koo la Lori

Lori la Nafuna limerefushwa futi nne,
tangi likahamia nyuma ya kichwa,
mdomo wa mafuta ukabaki palepale
kama mgeni asiyeambiwa harusi imehamishwa.
Kila akijaza pale Awasi
dizeli humrukia mhudumu kifuani.
"Limekataa kumeza," akaniambia.

Nikainama na spoki ya baiskeli,
nikaikunja, nikaipenyeza, nikaikunja tena
hadi ikaijua njia.

Bomba nimelitoa kwenye mkono wa wilibaro
iliyobeba matofali ya nusu ya Kibuye.
Vipande vitatu, vyote kwa mshazari.
Tangi nimelisuuza kwa maji moto na sabuni ya unga,
kisha nikalijaza maji hadi shingoni.
Ondiege alipuuza hilo mwaka juzi;
nyusi zake hazijarudi sawa.

Wateja huuliza upana.
Hawaulizi pumzi.
Kando ya bomba kubwa nimechomelea
kabomba kembamba kama penseli,
kazi yake kutoa hewa, basi.
Nafuna akakatazama:
"Na haka nako ni pesa ngapi?"

Awasi, saa kumi na mbili.
Lita sitini. Themanini. Mia na kumi.
Mhudumu amesimama mbali, mkono kaunyoosha
kama anayelisha mbwa asiyemjua.
Nimetega sikio kwenye kabomba:
kaupepo, kanatoka, hakana haraka.

Pampu ikajifunga yenyewe. Tak.
Shati la mhudumu kavu.

Nafuna akahesabu noti polepole.
Mia mbili za kabomba
alizitoa mwisho.