Unamwachia Nani Njia?

Nyevu fundi, mweusi kwa grisi hadi kiwiko,
alinirudishia baiskeli Jumamosi magharibi, akasema:
"Mnyororo mpya, breki mpya, spoki saba.
Kesho usiitie mkate. Kesho tunaipeleka kwetu."

Mimi ni mtu wa mikate.
Miaka kumi na tisa, kreti mbili kwenye keria,
kutoka tanuri ya Kisauni hadi maduka ya Bombolulu,
saa kumi na moja alfajiri, ukingoni,
pale lami ilipomegwamegwa kama boflo la jana.
Trela la saruji likipita
shati langu hutaka kulifuata.
Nimejifunza kusikia kwa mgongo:
basi nalijua kwa mluzi, lori kwa kikohozi,
na goti langu la kulia lina kovu
la yule mmoja ambaye sikumsikia.

Basi tukatoka.
Tukaipita Mwakirunge na moshi wa jaa lake,
lami ikakoma yenyewe, bila kuaga.
Mbele, njia ya udongo uliosuguliwa na nyayo na kwato,
ikiteremka polepole, mteremko wa mtu
anayejishusha kitini baada ya swala.

Mto Kombeni, nisikudanganye, si mkubwa.
Maji yake rangi ya chai
iliyotiwa maziwa na mwenye nyumba bahili.
Siku za bamvua bahari huupanda mpaka huko chini kwenye mikoko,
huuamkia, kisha huondoka na viatu vya matope.
Kushoto mihogo. Kulia matete, na mdiria mmoja
akayapasa maji mara moja tu, kama fundi cherehani.

Na hapakuwa na kitu kingine.
Nasema hapakuwa na kitu!
Mnyororo mpya ulikuwa ukihesabu, tiki, tiki, tiki,
na mimi nimebana kushoto kabisa,
tairi ndani ya majani, miiba ikinichana mundi,
masikio yote nimeyageuzia nyuma.

Nyevu akatazama begani:
"Kaka Shekue, unamwachia nani njia?"

Nikageuka.
Mbuzi.
Mmoja, katikati, anatafuna ganda la hindi,
wala hakuwa na haraka ya kunipita.

Usidhani ni rahisi.
Nikausogeza usukani shubiri moja kulia,
ukarudi kushoto wenyewe, punda ajuaye zizi lake.
Nikausogeza tena.
Hata nikafika kwenye kile kimgongo cha nyasi
kinachogawa njia mbili za magurudumu,
nikapanda juu yake, nikapiga kengele,
si kwa kumwonya mtu, kwa kuisikia tu.
Mama mmoja aliyekuwa akifua akasema neno kwa Kirabai.
Nyevu alicheka hata akashuka kwenye baiskeli.
Kasema nini? Hakunambia. Mpaka leo hajanambia.

Hapo ndipo nikaachia mikono yote miwili,
mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu.

Nikaanguka.

Nimeanguka mara mbili maishani kwa baiskeli.
Ile ya kwanza watu walinikokota haraka kutoka barabarani.
Hii ya pili nililala papo hapo, chali, katikati ya njia,
sisimizi wakinivuka kwa safari zao,
mbingu nzima juu yangu,
na hakuna aliyepiga honi.
Nyevu alikuja mbio, akainama,
akalizungusha gurudumu la mbele, akaliangalia kwa jicho moja.
"Halijapinda," akasema.
Kuhusu mimi hakuuliza.

Jumatatu nilikuwa ukingoni pangu.
Kreti mbili, giza, trela nyuma,
nikalisikia kwa mgongo kama kawaida, nikalipisha.
Ila jani la muhogo lilinasa kwenye spoki siku ile.
Limekauka sasa. Kila mzunguko hugusa uma, tiki.
Nyevu anataka kulitoa, anasema ni uchafu.
Nimemwambia atengeneze breki tu.