Kwa Mpwa Wangu Kanuti, Anayependa Bia Chungu

Chupa zako mbili zimefika salama, Kanuti,
zimeviringishwa ndani ya fulana ya mpira.
Moja nimeinywa jana, baada ya kufunga mizani.
Chungu! Nikadhani umenitumia mwarobaini.
Lakini sikuiacha. Kufika nusu ulimi ukazoea,
nikasikia ganda la chungwa mle ndani, mbali,
kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.
Sawa. Nimeelewa unachokitafuta.
Unatafuta uchungu wenye adabu.

Basi njoo huku.
Miaka kumi na tisa napima korosho za watu,
Newala, Tandahimba, Nanyamba,
na penye korosho pana mabibo,
na penye mabibo pana pipa limefunikwa khanga kuukuu.
Nitakupangia madaraja. Ndiyo kazi yangu.

Kitangari, nyuma ya ghala, kwa Skolastika Mnali.
Mabibo mekundu tu; ya njano ni ya nguruwe.
Nenda saa nne asubuhi, utamu ungali juu,
ukakasi umekaa nyuma ya meno unangoja zamu.
Saa tisa si kinywaji kile kile.
Usimwambie nimekutuma mimi.
Nadaiwa kata sita.

Mahuta kuna kibanda cha bati la buluu,
muziki mkubwa, viti vya plastiki, kijana anaitwa Chinguile.
Pita.
Anatia hamira na sukari ya dukani,
na kichwa utakachoamka nacho hakitakuwa chako.

Mnyambe ningekupeleka kwa Bi Ludovika.
Alikuwa na mikorosho ya zamani, mirefu, mivivu,
bibo lake dogo kama kidole gumba, kali,
likikudondokea shingoni unawashwa hadi jioni.
Uraka wake wa siku ya tatu
ulikuwa mchungu kuliko hiyo bia yako,
na watu waliunywa kimya, wakitazama chini.
Mwaka juzi wanawe waling'oa shamba zima,
wakapanda miche ya kisasa.
Kilo zimepanda. Nimezipima mwenyewe, daraja la kwanza.
Uraka umekuwa maji.
Nikasaini stakabadhi. Ningefanya nini?

Aliyebaki ni Somoe Likwata, Nanyamba,
nyumba ya tatu ukitoka mashine ya kusaga.
Somoe anaswali swala tano,
na uraka haujagusa ulimi wake tangu azaliwe.
Wanaomsema anawajibu kwamba ada ya shule haichagui mfuko.
Anakamua, anafunika, kisha siku ya pili anainama,
anaweka sikio kwenye pipa kama mkunga.
Likichemka mbiombio anasema, "Bado mtoto."
Likipiga taratibu, kitone, kimya, kitone,
anajifuta mikono. "Haya, leteni makopo."
Sijawahi kumwona akikosea,
na mimi nina mizani ya serikali, yenye muhuri,
ninakosea.

Nilimpelekea chupa yako ya pili.
Akaitikisa kidogo, akaiweka sikioni.
Wateja wote wakanyamaza, hata Dadi,
ambaye hanyamazi msibani.
"Kuna mtu humu," akasema Somoe,
"ila hasemi Kimakonde."
Akanirudishia. Iko juu ya kabati,
tutaifungua ukija.

Njoo kabla Novemba haijaisha,
mvua zikishika mabibo yanaozea chini.
Usilete dumu la kubebea:
uraka hausafiri, ukifika Masasi umeshakuwa siki
na kifuniko kimeruka.
Huu unafuatwa.
Na vaa shati jeusi. Doa la bibo halitoki kwa sabuni yoyote,
mama yako anajua,
muulize lile gauni lake la kipaimara
liliishia wapi.